Kifaranga mgonjwa: abaki kwa mama au aingie ndani, balbu au chupa ya maji moto, dawa ya dukani au shubiri?

Unafungua banda asubuhi, mama anatoka na watoto wake wakimfuata kuelekea jalalani, na mmoja anabaki. Amesimama palepale mlangoni, mabawa yameshuka, manyoya yamesimama, macho anayafumba na kuyafumbua kama mtu anayesinzia kwenye basi. Ukimshika, miguu yake ni ya baridi.

Wengi hapo hukimbilia duka la pembejeo kuulizia dawa. Mimi nafuga kuku wa kienyeji na chotara uani kwangu hapa Morogoro, na nimezika vifaranga wengi niliowapa dawa nzuri kabla sijaelewa kwamba dawa ni uamuzi wa tatu. Wa kwanza ni alale wapi na joto apate wapi. Wa pili ni maji. Kifaranga wa wiki moja hana manyoya ya kumtosha. Baridi humuua kwa saa chache, wakati ugonjwa wenyewe pengine ungehitaji siku mbili tatu kummaliza. Kwa hiyo nalinganisha njia zilizopo kwa mpangilio huohuo.

Kwa mama au ndani ya nyumba

Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi. Kifaranga aliyejichomeka chini ya bawa anapata joto, giza na utulivu kwa wakati mmoja, na hakuna sanduku linalompa hayo yote. Kama amechoka tu, yaani amenyeshewa, ametumbukia kwenye beseni, au amelala nje ya banda kwa bahati mbaya, sioni sababu ya kumtenga. Mkaushe kwa kitambaa, mpashe joto mpaka achangamke, mnyweshe, kisha mrudishe kwa mama yake siku hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba mama ana watoto kumi nyuma yake na hamsubiri mmoja. Akishaanza kuparura huku na kule, mgonjwa anaachwa katikati ya uwanja, na kunguru anaona kabla yako. Isitoshe, mgonjwa anayehara anakunya kwenye maji na chakula ambacho ndugu zake wanadonoa.

Kuna njia ya katikati ambayo bibi yangu aliitumia na mimi naitumia bado: kumfunika mama pamoja na watoto wake wote chini ya tenga kubwa, kivulini, wakiwa na maji na chakula humohumo, kwa siku moja au mbili. Mama hatembei, kwa hiyo mdhaifu hakimbii kumfuata na akitaka joto analipata. Inafaa sana kwa kifaranga anayechechemea au aliyepungua nguvu bila kuhara wala kukohoa. Haifai kwa mwenye kuhara, maana ndani ya tenga wote wanakanyaga kinyesi kimoja.

Kwa hiyo mimi hupima hivi: anayemfuata mama, hata kwa kuchelewa, abaki chini ya tenga. Asiyefuata tena, anayehara, anayekohoa au mwenye macho yaliyovimba, aingie ndani peke yake. Wenye vifaranga wa mashine, wale wa chotara wanaonunuliwa wakiwa wa siku moja, hawana mama wa kurudia. Kwao sanduku ndilo jibu tangu mwanzo.

Upweke nao una gharama yake. Kifaranga aliyezoea kundi akiwekwa peke yake analia mfululizo, na kulia kunamla nguvu. Kama shida yake haiambukizi, kwa mfano amekanyagwa au mguu umepinda, mtie na mwenzake mmoja mzima, mpole. Kama unahofia maambukizi, usimtoe mzima kafara. Ning'iniza kipande cha kitambaa laini kilichochanwachanwa ili ajifiche chini yake kama chini ya manyoya ya mama, na ukiwa na kioo kidogo, kiegemeze ukutani mwa sanduku. Kelele hupungua, nimeliona hilo mara nyingi.

Sanduku lenyewe ni katoni yoyote yenye matundu kwa juu. Cha kuangalia ni sakafu. Gazeti tupu linateleza, na kifaranga mdogo anayeteleza siku mbili tatu miguu hutanuka pembeni akashindwa kusimama, ukawa umemwongezea ugonjwa. Vumbi la mbao nalo hulidonoa akidhani ni chakula, na linampaliza. Maranda ni bora kuliko vumbi, na pumba za mpunga zinafaa zikiwa kavu. Kwa siku mbili za mwanzo, hata hivyo, mimi napendelea kitambaa cheupe kuukuu kuliko vyote, kwa sababu moja: kinyesi kinaonekana. Rangi ya kile kinyesi ndiyo itakayokuambia ununue dawa gani, au usinunue kabisa.

Joto: balbu, chupa, mkaa au kandili

Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 pale anapolala, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Mgonjwa mpe joto la upande wa juu wa kiwango hicho. Usihangaike na kipimajoto kama huna, mtazame mwenyewe. Akijikunyata na kulia kwa sauti kali, anasikia baridi. Akihema kwa mdomo wazi na kukaa mbali na chanzo cha joto, umezidisha. Akilala kifudifudi ametulia, hapo sawa. Na joto liwekwe upande mmoja tu wa sanduku, upande wa pili uwe wa kawaida, ili achague mwenyewe.

Balbu ndiyo rahisi kuliko zote kama umeme upo, lakini hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Balbu inayopasha joto ni ile ya zamani yenye waya ndani, ya wati 60 hivi, inayokuunguza ukiigusa. Hizi za kisasa za kubana matumizi na za LED zinatoa mwanga, joto karibu hakuna. Jirani yangu aliwasha moja usiku kucha juu ya vifaranga watano akaamka na wawili. Sanduku lilikuwa linang'aa kama dukani, na ndani yake baridi tupu. Ukiipata balbu sahihi, ining'inize imara, mbali na katoni na kitambaa, maana nyumba nyingine zimewahi kushika moto kwa balbu iliyodondokea maranda.

Chupa ya maji moto watu huidharau, na mimi ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza kwa kifaranga mmoja au wawili. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, jaza maji ya moto ambayo hayajachemka kabisa (yanayotokota yanaikunja chupa), ivike soksi nene au ifunge kanga kuukuu, ilaze upande mmoja wa sanduku. Kifaranga anaiegemea kama ubavu wa mama. Haina moshi wala hatari ya moto, na umeme ukikatika haikuhusu. Kasoro yake ni usingizi wako: inapoa kila baada ya saa mbili au tatu, kwa hiyo usiku utaamka, au uwe na chupa mbili na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto karibu na kitanda.

Jiko la mkaa, au makaa ndani ya chungu kilichofunikwa kwa kibati chenye matundu, ndiyo njia ya wanaolea vifaranga mamia mahali pasipo na umeme. Inapasha kweli. Kwa kifaranga mmoja ndani ya chumba unacholala wewe na watoto wako, nasema hapana, bila kupindisha maneno. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu waliolala. Ukiutumia, uwe bandani penye nafasi ya hewa kupita juu, usiwe chumbani.

Kandili iko katikati. Inatoa joto kiasi, lakini moshi wa mafuta ya taa unaumiza mapafu ya kifaranga ambaye pengine tayari anakohoa, na ikipinduka ni moto. Iache iwe ya dharura.

Maji kwanza, chakula baadaye

Kifaranga aliyetoka kuanguliwa ana akiba ya kiini cha yai tumboni inayoweza kumshikilia siku mbili, hata tatu. Aliyezidi hapo hana akiba hiyo, na anayehara anapoteza maji haraka kuliko unavyofikiri. Usimlishe kabla hajapata joto, kwa maana tumbo lililopoa halisagi. Chakula kitakaa kwenye mfuko ulio chini ya shingo na kuchacha.

Mkononi una vitu vitatu: maji ya sukari, maji ya glukosi, na maji ya vitamini za kuku. Kati ya sukari na glukosi sioni tofauti ya kukufanya utoke usiku kwenda dukani. Kijiko kimoja cha chakula cha sukari kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu kinatosha kumwamsha. Ni kwa siku ya kwanza tu, au mbili. Ukiendelea wiki nzima sukari yenyewe inaongeza kuhara. Vitamini ni nzuri kuanzia siku ya pili, hasa kwa mwenye vidole vilivyojikunja kwa ndani kama ngumi, dalili ambayo mara nyingi ni ya upungufu wa vitamini B2. Kuna wanaotia chumvi kama wanavyomtengenezea mtoto anayeharisha. Kuwa mwangalifu hapo, mwili wa kifaranga hauwezi chumvi nyingi, na mkono ukizidi kidogo unamtia sumu. Mimi naiacha kabisa.

Namna ya kumnywesha ina uzito kuliko ulichotia kwenye maji. Bomba la sindano lisilo na sindano ni zuri mikononi mwa aliyezoea, lakini anayeanza husukuma kwa nguvu, maji yanaingia kwenye koo la hewa lililo nyuma tu ya ulimi, na kifaranga anafia mkononi. Kumchovya ncha ya mdomo kwenye kisoda cha maji, pua zikibaki juu, ni salama zaidi. Asiponyanyua kichwa kumeza, weka tone moja pembeni mwa mdomo, usubiri alimeze, uweke jingine. Kila nusu saa, saa mbili za mwanzo. Ni kazi ya subira na inaponya wengi. Chombo cha kumwachia sandukuni kiwe kifupi, ukitie kokoto ndani, asije akaloa.

Chakula: chakula cha vifaranga cha dukani kilicholowanishwa kidogo ni bora kuliko chenga za mahindi, kwa sababu mahindi peke yake hayana protini ya kumjenga upya. Kama huna, kiini cha yai lililochemshwa, kilichovurugwa, kwa kiasi cha ncha ya kijiko. Masalia yaondoe baada ya saa moja, yai linaharibika haraka kwenye joto.

Dawa ya kuhara damu, antibiotiki, au shubiri

Sasa tazama kile kitambaa cheupe.

Kinyesi chenye damu, kifaranga ana wiki 3 hadi 6, amejikunyata na amepauka upanga wa kichwani: hiyo kwa kawaida ni koksidiosisi, yaani kuhara damu. Vijidudu vyake hukomaa kwenye matandiko yenye unyevu na joto kwa siku moja mbili tu, ndiyo maana hushamiri masika. Dawa inayojulikana na inayofanya kazi ni amproliamu, ya kuchanganya kwenye maji kwa siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Hapa kuna kosa ambalo hata wauzaji hulifanya: kukufungia amproliamu na vitamini pamoja. Amproliamu hufanya kazi kwa kujifananisha na vitamini B1 ili kumnyima kijidudu. Ukimimina vitamini B1 kwenye maji hayohayo unaidhoofisha dawa uliyoinunua. Dawa kwanza, ikiisha ndipo vitamini. Na waliokunywa maji pamoja naye watibiwe wote, hata wasioonyesha dalili.

Antibiotiki, hasa oksitetrasaiklini, ndiyo inayouzwa kuliko zote, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Inasaidia penye bakteria: mafua yenye macho yaliyovimba na kamasi, au kitovu kilichooza. Haigusi virusi, na koksidiosisi si kazi yake. Usiichanganye na maziwa wala maji yenye chokaa, kalsiamu inaishika isifanye kazi. Na tafadhali, zile kapsuli za rangi mbili za watu msizifungue kwenye maji ya kuku. Hujui kifaranga wa gramu 60 amepata kiasi gani, na bakteria wanaobaki wanaizoea dawa ambayo kesho utaihitaji kwa mwanao.

Shubiri, mwarobaini, pilipili kichaa, kitunguu saumu: nimelelewa navyo na sivibezi. Kwa kuku mkubwa mwenye nguvu, maji ya shubiri mchana mmoja hayamdhuru. Kwa kifaranga mgonjwa nina pingamizi moja, nalo ni uchungu. Akionja anaacha kunywa, na kifaranga asiyekunywa siku nzima amekwisha, hata kama ndani ya jani hilo mna dawa. Bibi mwenyewe aliniambia, "Mjukuu wangu, shubiri ni ya kuku anayekimbia. Huyu wa kushikwa mpe uvuguvugu." Kitunguu saumu kilichopondwa kidogo kwenye chakula naweza kukivumilia, hayo mengine nayaacha kwa wakubwa.

Kuna hali mbili ambazo watu hununua dawa bila haja yoyote. Ya kwanza ni kinyesi kilichoganda na kuziba njia ya haja kwa kifaranga wa siku chache. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu na pamba: lowanisha, subiri, futa taratibu, paka mafuta kidogo ya kula, kausha. Usivute kikavu, utachuna ngozi. Angalia pia usikosee kitovu, kigaga kidogo kilicho tumboni mbele ya njia ya haja, ukakibandua. Hicho ni jeraha la kuanguliwa na kinadondoka chenyewe. Ya pili ni kinyesi cha kahawia, laini, chenye harufu kali, kinachotoka mara chache kwa siku katikati ya vinyesi vya kawaida. Kinatoka kwenye utumbo kipofu, yaani vifuko vilivyo pembeni mwa utumbo, na ni afya tupu.

Kumtibu mwenyewe au kumwita bwana mifugo

Mmoja akiugua na wenzake wazima, nyumbani panatosha. Wawili watatu ndani ya siku mbili, piga simu kwa afisa mifugo wa kata. Mwenye kifaranga aliyekufa usiku huo ana jambo la thamani mkononi: akikipeleka kizoga kikiwa bado kibichi, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mtaalamu anakipasua na kuona kilichomuua. Kulinganisha na kukisia dawa tatu kwa zamu, hiyo ni nafuu ya fedha na ya kuku waliobaki.

Shingo ikipinda kuelekea mgongoni, kinyesi kikiwa cha kijani, wanahema kwa mdomo wazi na vifo vinafuatana, fikiria kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo. Kideri hakina tiba. Hapo kila shilingi unayoitia kwenye dawa inapotea, na kila siku unayomweka mgonjwa sebuleni unahamisha virusi kwa viatu na mikono kwenda bandani. Nimelia kwa kifaranga wa shingo iliyopinda niliyemlea siku nne kwa chupa ya maji moto, na nilipomaliza kulia, banda zima lilikuwa limeshaambukizwa. Ningemmaliza haraka siku ile ya kwanza, nikamchimbia shimo refu au nikamchoma, wengine wangepona. Kinga yake ndiyo rahisi: chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kurudiwa kila baada ya miezi 3. Inahimili joto la kijijini kuliko chanjo nyingine nyingi za kideri, na majirani mnaweza kuchangia kichupa kimoja. Lakini ni kwa wazima. Aliyekwisha kuugua haimwokoi. Na wakifa wengi kwa ghafla, toa taarifa, usiuze wala usichinje waliobaki.

Kwa mgonjwa yeyote, hudumia wazima kwanza, yeye awe wa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni. Watoto wasimbusu wala wasimlishe mdomoni, kuna bakteria wa kuhara wanaotoka kwa kifaranga kwenda kwa mtu.

Kumrudisha

Akila mwenyewe, kinyesi kikawa kigumu chenye ncha nyeupe, na akaanza kuruka ukingoni mwa sanduku, mwache siku moja zaidi ya unavyotaka. Aliyetoka kwenye kuhara damu asubiri mpaka dozi iishe na matandiko ya bandani yawe yamebadilishwa yote.

Kumrudisha mchana au usiku? Mchana mama anamwona mgeni, hasa akikaa kwako zaidi ya siku tatu, na anaweza kumdonoa kichwani mpaka damu. Usiku haoni vizuri. Nenda na taa hafifu wakiwa wamelala, paka mikono yako majivu au matandiko ya banda lao, mtelezeshe chini ya bawa kutoka nyuma, na ushike pumzi kidogo. Mama atanguruma taratibu, atajitikisa, atamfunika. Asubuhi uwe pale kabla hujafungua mlango, umwone akitoka na wenzake.